Anko Mdundo Anajibu: Hawa jamaa wa magwanda na makelele wanamcheka nani?

Wasomaji wangu wa nyanda za juu kusini, kamwene, ugonile, na wale wa Songea mnisamehe salamu yenu ntajifunza. Toleo lililopita niligusia mistari minne tu kuhusu muziki wa metali wa viwandani, ule wa magita yanayounguruma juu ya mashine huku mwimbaji kavaa kama kamanda anatema maneno ya siasa, nkadhani hamna atakayejali, kumbe simu imejaa. Zingine ni matusi nimeziacha. Hizi chache nazijibu, majina nimeyatoa kama mlivyoomba.

Shikamoo anko. Mi nipo Mwanjelwa nauza spea za pikipiki, pale kibandani huwa napiga Rammstein kwenye sabufa. Juzi mteja mmoja mzee, mstaafu wa jeshi, akasimama akasikiliza afu akaniuliza unajua hao wanaimba nini, nkamwambia mi kijerumani sijui mzee wangu, akasema hizo nyimbo za Hitler, zima. Nkazima. Sasa ni kweli? Maana magwanda kweli wanavaa na ile sauti ya kukoroma inatisha.

Marahaba mwanangu. Kuzima umefanya vizuri, mzee ni mzee, ila wimbo haukuwa wa Hitler. Rammstein ni watu sita, bendi wameianzisha Berlin 1994, wote wamekulia Ujerumani Mashariki ile ya enzi za ukuta. Jina wamelitoa kwenye kambi ya ndege za Marekani ya Ramstein, ambako 1988 ndege za maonyesho ziligongana angani zikaangukia watu wakafa 70, wao wakaongeza m moja tu. Yaani kuanzia jina lenyewe ni msiba umefanywa bango, kwa hiyo usitegemee adabu.

Hizo shutuma za unazi wanazo tangu mwanzo, na 2001 wakazijibu kwa wimbo unaokwenda kwa kwata kabisa, kushoto mbili tatu nne, lakini ukisikiliza maneno jamaa anasema watu wanataka moyo wake ukae kulia, akiangalia chini anauona unapiga kushoto. Kwenye siasa za Ulaya kulia ndio upande wa akina Hitler, kushoto ni upande wa wajamaa. Kwa hiyo kwata ni ya adui na maneno ni ya mpinzani wake, vyote kwenye wimbo mmoja, na asiyejua lugha anaambulia buti tu. Mzee wako ameambulia buti.

Sasa hapa nikueleze kitu ambacho ndio ufunguo wa muziki huu wote, mengine utajaza mwenyewe. Sisi tumezoea mipasho. Kwenye mipasho anayeimba unamjua, yupo pale na kanga yake, anayefichwa ni anayesemwa, mpaka watu wanaulizana hili dongo limeenda kwa nani. Hawa wa metali ya viwandani wamegeuza. Anayesemwa yupo wazi kabisa, dikteta, rais, tajiri wa mafuta, muuza silaha, ila anayeimba ndio amejificha, amevaa sura ya huyo huyo anayemsema na anaongea kwa mdomo wake. Hakuambii kwamba anaigiza. Anakuacha ujue mwenyewe, na usipojua ndio umeliwa.

Mabingwa wa hili sio Rammstein, ni Laibach, bendi ya 1980 kutoka Trbovlje, mji wa mgodi wa makaa ya mawe huko Slovenia, enzi hizo ikiwa Yugoslavia, we fikiria Kiwira yenye moshi na viwanda zaidi. Jina Laibach ni jina la kijerumani la mji mkuu wao Ljubljana, sasa nchi iliyokaliwa na wanazi unaipelekea bendi yenye jina hilo, 1983 wakatokea kwenye tivii wamevaa magwanda wanajibu maswali kama roboti, serikali ikawapiga marufuku kutumia jina hilo. Mwaka 1987 wakachukua wimbo wa Queen, ule wa mtu mmoja nia moja dunia moja ambao watu wanaupenda viwanjani, wakautafsiri kijerumani na kuutia ngoma nzito na tarumbeta. Hawakuongeza tusi wala kejeli. Ukisikiliza nywele zinasimama maana unagundua yale maneno matamu ya umoja ukiyasema kwa sauti hiyo ni hotuba ya mkutano wa Hitler, na ulikuwa unayaimba na watoto.

Na mwaka huo huo wenzao, wachoraji wa kundi lao, waliingia kwenye shindano la kuchora bango la Siku ya Vijana, sikukuu ya kumuenzi Tito, aliyekuwa rais wa Yugoslavia. Wakachukua picha ya mchoraji wa kinazi ya 1936, wakabadili bendera wakaweka ya Yugoslavia, tai wakaweka njiwa, wakapeleka. Wakashinda!! Kamati ya shindano ikaipitisha na kuisifia. Baadae ikajulikana picha imetoka wapi, nchi nzima ikawaka. Mi hii nikiisoma huwa nacheka peke yangu, maana pale mkejeli hakuhitaji kusema lolote, wenyewe walijisema.

Usidhani ni mambo ya wazungu tu. Babu zetu walikuwa na beni. Ngoma ya beni ilitoka pwani ikaenea Tanganyika yote hasa na askari wa vita ya kwanza, watu wamejipanga kwa vyeo, kuna kingi, kuna jenerali, wamevaa sare, wanapiga kwata kama mjerumani au mwingereza, makundi ya Marini na Arinoti yanashindana kwa mavazi na nyimbo za kusemana. Mganda wa kule Ziwa Nyasa ni damu ile ile, kaptula nyeupe soksi ndefu mstari umenyooka. Mtawala alikuwa anawaangalia hajui kama anaheshimiwa au anachekwa, na nadhani vyote viwili vilikuwemo. Mwambie mzee wako hivyo, akiwa mwanajeshi kweli mganda ataujua.

Ila nisiwasafishe mpaka wang'ae. 1998 Rammstein walitoa video yenye vipande vya filamu ya Olimpiki ya Berlin ya 1936, ile ya Leni Riefenstahl, mtengeneza filamu wa Hitler, miili inang'aa inaruka, na mi naona pale hamna kejeli, kuna uzuri tu umeazimwa kutoka mahali pabaya bila kulipiwa. Sura ya bandia isipokuwa na hata ufa mdogo wa kuonyesha kuna mtu ndani, sio sura ya bandia tena.

Kaka habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Iringa nakaa Kihesa, kwetu ni Kalenga. Nimeona video ya hao hao Rammstein wanashuka kwenye ufukwe wa Afrika, wanatongoza wanawake wanacheza na wenyeji afu wanaondoka. Wenzangu wanacheka. Mimi nimekasirika kiukweli, Wajerumani hawa hawa? Au nimekosa kuelewa utani?

Kamwene dada. Hujakosa kuelewa na kukasirika una haki, mi nakwambia vyote viwili vinakaa pamoja.

Wimbo ule ni wa 2019, jina lake kwa kijerumani ni mgeni, mtu wa kutoka nje, neno ambalo kule wanamtupia mhamiaji kama tusi. Sasa wao wamempa nani hilo neno? Mzungu. Anayeimba anajisifu kwamba yeye ni wa kimataifa, anasafiri sana, hakai sana, kila nchi anajua maneno mawili matatu ya kutosha kupata mwanamke, ndio maana unasikia kifaransa kidogo, kiitaliano kidogo, kirusi kidogo. Afu wanaingia kwa boti ya mpira, ile ile unayoiona kwenye habari imebeba waafrika kwenda Ulaya, safari hii inakuja upande huu. Mgeni ni wewe uliyekuja, hiyo ndio hoja yao, na ni hoja nzuri.

Kwenye albamu hiyo hiyo kuna wimbo kuhusu nchi yao, video yake inazidi dakika 9, Ujerumani imeigizwa na mwanamke mweusi, Ruby Commey, kavaa taji anapita karne zote za damu mpaka kambi za mauaji, na kiitikio kinasema nchi yangu penzi langu siwezi kukupa. Kabla haijatoka walirusha kipande kidogo cha tangazo, wao wenyewe wamevaa nguo za wafungwa wa kambi na vitanzi shingoni, viongozi wa wayahudi wakalalamika kwamba msiba wa watu umefanywa tangazo la kuuza albamu, na mi kwenye hilo la tangazo nilikuwa upande wa waliolalamika.

Turudi kwako sasa wewe wa Kalenga. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo Wahehe walimaliza kikosi cha Emil von Zelewski, na huyo bwana watu walikuwa wanamwita Nyundo, sikia hilo jina, ni jina la bendi ya metali kabisa. 1894 Wajerumani wakarudi na mizinga wakaibomoa ngome ya Kalenga, 1898 Mkwawa akajipiga risasi asikamatwe, kichwa kikachukuliwa, mkataba wa Versailles wa 1919 ukaandika kabisa kwamba fuvu lirudishwe na bado halikurudi mpaka 1954. Wewe unapita pale makumbusho unaliona. Sasa mtu wa hivyo akiona video ya mjerumani anashuka ufukweni anacheza, hata kama mjerumani anajicheka mwenyewe, wenyeji kwenye ile video ni mandhari tu. Wanacheka, wanakata viuno, hawana jina wala neno. Mwenye kejeli ni mgeni, anayechekwa ni mgeni, hata kwenye utani wa kujisuta yeye ndio yupo katikati ya picha. Hapo ndio hasira yako ilipogusa, nadhani, na wenzako wanaocheka hawajafika hapo.

Novemba 2023 rais wao Steinmeier alienda Songea akaomba msamaha kwa yaliyofanyika Maji Maji. Hiyo ilikuwa bila gita. Mi ningependa siku moja jibu la wimbo ule litoke Iringa, kwa kihehe, na uwe na makelele kuwazidi.

Ndugu mwandishi, mimi ni mama wa watoto watatu, Makambako. Kijana wangu wa kidato cha tatu amebadilika anasikiliza makelele ya mashine usiku kwenye hedifoni. Nimesikia huko Marekani watoto waliosikiliza hiyo miziki waliua wenzao shuleni. Nimechukua simu. Nimekosea?

Mama, pole na malezi. Unachokisema ni Columbine, tarehe 20 Aprili 1999, wanafunzi wawili waliua wanafunzi 12 na mwalimu. Mmoja wao alikuwa ameweka mashairi ya KMFDM, bendi ya wajerumani iliyoanza 1984, kwenye ukurasa wake. Bendi ikatoa tamko haraka kwamba wao wanapinga vita, unyanyasaji na ufashisti na wanalaani kilichotokea, na kwamba ingawa baadhi ya waliokuwa wanabendi ni wajerumani, hakuna anayeunga mkono unazi. Marilyn Manson naye akabebeshwa mzigo mpaka akakatisha ziara, wakati wale vijana hata mashabiki wake hawakuwa.

Huenda wale wawili walichukua nyimbo zinazomkejeli mtu mwenye kiu ya kuua wakazisoma kama zinamsifia. Ni lile lile la buti nililomwambia kijana wa Mwanjelwa, ila huku limeisha vibaya kuliko kokote. Mamilioni wanasikiliza hizo nyimbo na wanaamka wanaenda kazini. Simu mrudishie, ila usiku ibaki sebuleni maana kidato cha tatu anatakiwa alale, hilo la usingizi linanipa wasiwasi kuliko metali. Na muombe akutafsirie wimbo mmoja. Akishindwa kukueleza unasema nini, hapo ndio mkae muongee. Akiweza, mama utashangaa mtoto wako anajua historia ya Ulaya kuliko mwalimu.

Anko nambie Afrika Mashariki wapo? Au ni singeli na amapiano tu. Wa Mafinga.

Wapo. Watafute Duma, vijana wawili wa Nairobi, albamu yao imetoka 2020 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Sio duma mnyama, kwa kikuyu ni giza. Mashine, mayowe, na mwendo ambao moyo unakataa. Na singeli usiidharau, spidi ya 200 na zaidi kwa dakika, ukimpa mpiga singeli gita lenye ukali na hasira ya siasa tumemaliza kazi. We upo Mafinga, mashine za kupasua mbao zinalia kutwa nzima unaniuliza wapo wapi.

Oya anko shikamoo. Me nipo Makongolosi Chunya, home tuko jirani na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, limelia tangu nazaliwa. Nina laptop na FL Studio ya kuunga unga. Hivi yale makelele wanatengenezaje, naweza tumia karasha?

Marahaba. Dogo wewe ndio umenifurahisha kuliko wote wiki hii. Mwanzo wa haya mambo ndio huo huo. London miaka ya 70 kulikuwa na Throbbing Gristle, lebo yao waliiita kabisa ya viwandani, kwa maana kwamba kama mnaishi kwenye viwanda basi muziki wenu ufanane na maisha yenu na sio maua na mwezi. Berlin Magharibi 1980 Einstürzende Neubauten wakaanza kupiga mabati, springi, vyuma chakavu na drili jukwaani. Hata metali yenyewe imetoka kiwandani, Tony Iommi wa Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya bati huko Birmingham akiwa na miaka 17, akajitengenezea vifuniko vya plastiki akalegeza nyuzi za gita zisimuumize, mlio ukawa mzito, ndio huo dunia yote inaiga.

Sasa karasha. Muombe mwenye nalo kwanza. Usiweke simu karibu, sauti itapasuka hovyo na hutaweza kuirekebisha, kaa hatua kumi au ishirini, rekodi dakika tatu nne, nenda tena usiku likiwa linafanya kazi peke yake. Lina mdundo wake lile, litafute pale linapojirudia, kata kipande kifupi sana, kirudie rudie, afu spidi ya wimbo uifuate karasha na sio karasha ifuate wimbo, hapo wengi wanakosea wanalivuta mpaka linakuwa kama blenda. Chini yake weka ngoma ya mashine kavu, haina mbwembwe, spidi 120 ndio ya kwata inafanya mwili utii kabla akili haijafikiri. Gita kama huna, chukua besi ya kinanda uipige disto mpaka ilie. Afu acha nafasi. Makelele yasiyo na kimya katikati ni usumbufu tu.

Na sauti za watu ndio silaha yenyewe. Al Jourgensen wa Ministry, mzaliwa wa Havana aliyekulia Marekani, 1983 alitoa albamu laini ya kucheza disko ambayo mwenyewe baadae aliikana, 1992 akachukua sauti ya Bush baba anahubiri mpangilio mpya wa dunia akairudia rudia juu ya magita mpaka neno la matumaini likawa tishio. Akaja Bush mtoto, jamaa akamtolea albamu tatu, 2004, 2006 na 2007, na kwenye ile ya 2006 alikatakata hotuba za rais akaziunga upya mpaka rais anajishtaki kwa mdomo wake mwenyewe. We huko Chunya usianze na rais. Anza na mnadi nguo wa gulioni.

Ndaga fijo anko kwa kazi nzuri. Tuko watatu hapa Tukuyu tuna bendi, tunataka kuimba kuhusu kiongozi mmoja wa kata yetu anayekula hela za bomba la maji. Tunaogopa. Tumtaje? BASATA watatufungia?

Ndaga vijana. Kwanza Mbeya kuimba siasa sio jambo geni, Sugu alitoka kwenye rapu akawa mbunge wa Mbeya Mjini miaka kumi, 2010 mpaka 2020, na ladha yote ya hilo mnaijua, tamu na chungu. Na 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wa kuponda utawala, BASATA wakaufungia, kesho yake waziri Mwakyembe, mtu wa Kyela hapo chini yenu, akatangaza rais kaupenda na jamaa aachiwe. Sasa hiyo sio kinga, hiyo ni bahati, msipige mahesabu kwa bahati ya mtu mwingine.

Kumtaja hapana. Sio woga, ni kwamba hela za bomba mmeona zinaliwa au mmesikia? Kama mna karatasi pelekeni kunakohusika, wimbo sio mahakama. Na kisanaa mkimtaja wimbo unakufa siku akitoka madarakani. Fanyeni kama Laibach, muwe yeye. Mwimbaji avae suti iliyombana, kofia, faili kwapani, aimbe kwa upendo kabisa. Kitu kama:

Nimewaletea bomba, lipigieni makofi,
maji yana ratiba, msiyaharakishe,
mwenye kiu ni mchochezi, mwenye ndoo ni mpinzani,
nyosheni vikombe juu, nivihesabu, nivirudishe.

Nimeandika haraka mtarekebisha. Mnaona hamna tusi hata moja na hamna jina, kila kijiji kitasema huyu wa kwetu. Afu muweke ufa, sehemu moja tu, labda mwishoni mashine inyamaze isikike koki inafunguliwa na haitoki kitu, ile hewa tu inapumua. Bila huo ufa nawaambia kweli, huyo kiongozi mwenyewe atauomba aupige kwenye mkutano.

Na hilo likitokea, rekodini video mnitumie. Ila kata msinitajie ni ipi, mi shangazi yangu anaishi huko.